Anayepaka Rangi Kalipa Ameigusa Breki

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni mtindo wa kubadilisha rangi ya kalipa za breki, ambao naona umeshika kasi hapa kwetu Bukavu. Mtu akisimama kwa dakika chache Nyawera, au pale Place de l'Indépendance magari yanapopunguza mwendo, ataona nyuma ya rimu za magari ya vijana, na siku hizi hata za teksi, kitu chekundu au cha njano kinachong'aa. Hiyo ndiyo kalipa, ile taya ya chuma inayoibana diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, pindi dereva anapokanyaga breki; mafundi wetu wengi, kwa kuwa walijifunza kazi kwa maneno ya Kifaransa, huiita etriye.

Niseme mapema kwamba siuchukii mtindo huu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Bagira, lakini kabla ya kushika chaki nilizimaliza likizo zangu za utoto katika garaji ya marehemu baba yangu mkubwa kule Kadutu, nikimpa spana na kumwoshea vipuri, na hadi leo gari chafu huniudhi kuliko gari kuukuu. Kijana anayetaka kalipa zake ziwe nyekundu hajakosea kitu. Tena kalipa ya chuma cha kusubu hushika kutu upesi katika mji unaonyeshewa mvua tangu Septemba hadi Mei, na tabaka jembamba la rangi inayofaa huilinda. Linaloniumiza ni kwamba kazi hii imeachiwa wapaka rangi ambao hawajawahi kuifungua breki hata siku moja, ilhali hakuna namna ya kuipaka kalipa rangi bila kuigusa breki yenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka huu mpwa wangu, aliyekuwa amenunua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika Japani, aliipeleka kwenye karakana moja ya hapa mjini ili kalipa za mbele zipakwe rangi. Sitaitaja karakana hiyo, kwa sababu waliomhudumia ni vijana wanaotafuta riziki na walilolifanya wao hufanywa na wengi. Waliinua gari kwa jeki, wakatoa magurudumu ya mbele, wakazisugua kalipa kwa brashi iliyochovywa mara kadhaa katika petroli, ambayo sisi huiita esansi, kisha wakapuliza rangi nyekundu ya kopo, ile ile inayopakwa kwenye mageti na fremu za madirisha. Hawakufunika kitu zaidi ya kukibandika kipande cha gazeti juu ya diski. Kazi nzima haikuchukua hata muda wa saa mbili. Mpwa wangu alirudi nyumbani amefurahi, akanionyesha, nami nikamsifu bila kuinama kuangalia, jambo ambalo bado linanisikitisha.

Baada ya wiki tatu alinijia jioni. "Mjomba," akaniambia, "gari linanivuta kushoto nikikanyaga breki, na leo nilipokuwa nashuka kutoka Kadutu nimesikia harufu ya kitu kinachoungua." Nikausogeza mkono karibu na gurudumu la mbele la kushoto, joto likaurudisha; la kulia lilikuwa vuguvugu tu. Tukaliacha gari lilale pale pale, na asubuhi tukalifungua.

Ili msomaji aelewe tulichokikuta, ni lazima nieleze kidogo jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Kalipa ya gari kama hilo, sawa na za magari mengi madogo tunayoyatumia, ina pistoni, yaani kipande cha chuma kinachosukumwa na mafuta, upande mmoja tu wa diski. Mafuta ya breki yanapoisukuma pistoni, pedi ya ndani, yaani kibao kinachosuguana na diski, huigusa diski kwanza, kisha mwili mzima wa kalipa huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ili nayo ibane. Dereva akiachia, vyote hivyo hurudi nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, umbali ambao jicho haliuoni, na diski huzunguka bila kushikwa. Breki nzuri yote imo katika kule kuteleza na kule kurudi. Pini ikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani hufanya kazi ya pedi mbili, diski hushikwa hata dereva anapokuwa ameondoa mguu, na gurudumu hilo huenda likipata moto njia nzima.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la mpwa wangu. Mpira unaoifunika pini ya chini ulikuwa umevimba na kuchomoka mahali pake. Grisi iliyokuwamo ilikuwa imeoshwa, na nafasi yake ilijaa tope lililochanganyika na rangi. Pini hiyo haikutoka mpaka ilipogongwa kwa nyundo. Pedi ya ndani, ambayo huenda haikuwa mpya tangu mwanzo, ilibaki nyembamba kama sarafu, wakati ya nje ilikuwa bado nene. Mpira wa pistoni nao ulikuwa umelainika kiasi kwamba ulibonyea kwa kidole. Na ile rangi yenyewe, iliyolipiwa pesa, ilikwisha kuwa ya kahawia na kubanduka vipande kama maganda ya kitunguu.

Hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini, kwa sababu kosa la esansi ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalofanywa bila mtu kujua. Mpira wa breki si sawa na mpira wa tairi, wala si sawa na ule wa bomba la mafuta ya injini. Mafuta ya breki ya viwango vya DOT 3 na DOT 4 hutokana na jamii ya kemikali ziitwazo glikoli, na viwanda huchagua mpira unaovumilia glikoli, hasa ule unaoitwa EPDM. Mpira huo unaweza kukaa ndani ya mafuta ya breki kwa miaka mingi bila kuharibika, lakini ukikutana na esansi, mazutu (dizeli), mafuta ya taa au oili ya injini huyanyonya, ukavimba na kulegea. Tina ya kuyeyushia rangi nayo haifai karibu yake. Madhara hayaonekani siku hiyo hiyo. Gari huondoka karakanani likiwa zima, mteja hulipa, fundi husahau, na baada ya siku kadhaa mpira ulioacha kukaa vizuri huruhusu maji na vumbi kuingia mahali ambapo hata tone moja halikutakiwa kuingia. Baba yangu mkubwa aliosha kalipa kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, akazikausha kwa kitambaa, kisha akazifuta kwa spiriti. Nilidhani utotoni kwamba alikuwa anabana matumizi. Niliposoma kemia ndipo nilipojua kwamba alikuwa sahihi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusikia habari za EPDM; alikuwa ameona tu kwa macho yake kwamba mpira uliooshwa kwa esansi haurudi ulivyokuwa.

Maji ya sabuni yana faida nyingine. Vumbi jeusi linalojaa kwenye kalipa hutokana na pedi zinazosagika, na pedi nyingine za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake huharibu mapafu. Nimewaona vijana wakilipuliza vumbi hilo kwa mdomo au kwa kompresa huku nyuso zao zikiwa karibu na gurudumu. Tafadhali lilowesheni kwanza.

Jambo la pili ni joto, na hili nalisema kama mwalimu. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria wake, likishuka mita 100 za kimo kwa mwendo ule ule, huku breki zikibeba kazi yote, huzalisha joto linalotosha kuchemsha karibu lita 4 za maji ya baridi. Mita 100 za kimo ni kitu kidogo katika mji wetu, ambao ziwa lake liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na mitaa yake imepanda milima kutoka hapo. Anayeshuka Ngomo kwa barabara ya taifa namba 5, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, hashuki mita 100. Anashuka mamia, kona baada ya kona, na wengi hushuka na gia kubwa huku mguu umelala juu ya breki. Sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika diski mbili za mbele. Kalipa iliyo nzima hubaki baridi kuliko diski kwa mbali, lakini katika mteremko mrefu si ajabu ikapita nyuzi 150 za sentigredi, na kalipa iliyokwama hupita hapo hata ndani ya mji. Rangi ya mageti haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Hulainika, hupoteza rangi yake, hutoa harufu, kisha hubanduka, na vipande vyake vinaweza kuangukia mahali pedi zinapokaa na kuzizuia kusogea. Rangi zinazouzwa kwa ajili ya kalipa, na zile za injini, huandikwa juu ya kopo kiwango cha joto zinachovumilia, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 200 na zaidi. Zipo pia za mabomba ya moshi zinazoandikwa nyuzi 600, lakini nyingi kati ya hizo hazikomai mpaka zichomwe kwa joto kali, joto ambalo kalipa yenye mipira haipaswi kulipata. Mtu asivutwe na ukubwa wa namba.

Joto hilo hilo ndilo linalonifanya nilie na kazi mbovu ya rangi kuliko ninavyolia na ubaya wake machoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya Ziwa Kivu haina upungufu wa unyevu. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini yakiisha kunyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamelowa. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyezeka. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, gari linaendelea kwenda. Kalipa inayoshikilia diski kwa sababu pini yake imekwama ndiyo njia ya mkato ya kufika huko. Mpwa wangu alisikia harufu akiwa kwenye mteremko mfupi wa mjini, mchana, barabara ikiwa kavu. Wiki iliyofuata alikuwa amepanga kumpeleka mama yake, yaani dada yangu, Uvira, na njia ya kwenda huko ni Ngomo.

Vijana wananiuliza kama rangi nyekundu huongeza nguvu za breki, na wazee wananiuliza kama rangi huzuia joto lisitoke. Wote wawili nawajibu hapana. Joto la breki hutolewa hasa na diski, ambayo huzunguka ikipigwa na hewa, na tabaka mbili tatu nyembamba za rangi juu ya kalipa hazibadilishi jambo la kupimika. Hata chaguo la rangi halina uzito, kwa sababu katika mionzi ya joto, ambayo macho yetu hayaioni, rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe hutoa joto kwa kiasi kinachokaribiana sana. Basi kila mtu achague anayoipenda.

Asili ya upendo huu wa rangi nayo inafaa ijulikane. Kampuni ya Brembo, iliyoanzishwa mwaka 1961 karibu na Bergamo nchini Italia, na ambayo tangu 1975 imekuwa ikihudumia magari ya mashindano ya Ferrari, ndiyo iliyoyazoesha macho ya watu kalipa nyekundu. Porsche wao wameifanya rangi kuwa lugha: nyekundu ni ya aina zao zenye breki kubwa, njano ni ya magari yenye diski za kauri, nyeupe ilikuja na Cayenne ya mwaka 2017 yenye diski zilizofunikwa tabaka gumu la tungsteni, na kijani kikali ni ya magari yao yanayotumia injini pamoja na umeme. Kwao mtu akiona njano anajua kuna nini nyuma yake. Njano juu ya kalipa ya Corolla haigeuzi diski ya chuma cha kusubu kuwa ya kauri, na dereva atasimama nayo kwa umbali ule ule aliokuwa akisimama nao jana. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kupanda teksi ya kijana mmoja aliyekuwa akiteremka kwa kasi, na nilipomwomba apunguze, alinijibu kwa adabu, "Papa, usiogope, hizi ni breki za michezo." Zilikuwa breki za kawaida zenye rangi mpya.

Kuna jambo la aibu zaidi, Mheshimiwa Mhariri, nalo ni biashara ya kuficha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema, na siku hizi kibaya kinajitembeza kikiwa kimepakwa nyekundu. Kalipa kuukuu zinazotolewa kwenye magari yaliyogongwa husafishwa juu juu, hupakwa rangi nene kuanzia mwilini hadi kwenye mipira na skrubu ya kutolea hewa, kisha hupangwa mezani kama mali iliyotengenezwa upya. Rangi hiyo imefunika alama ya mafuta yanayovuja kandokando ya pistoni, imefunika ufa wa mpira, imeigandisha skrubu ambayo fundi atakapotaka kuifungua itakatikia ndani. Ninajua pa kuangalia, lakini mama anayeendesha gari lake mwenyewe kwenda sokoni hajui, wala hapaswi kuhitaji kujua. Vipo pia vifuniko vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kalipa, vimeandikwa jina la Brembo, ambavyo havina uhusiano wowote na breki. Hufungwa kwa gundi au waya karibu na kitu kinachozunguka na kinachopata moto, na kikichomoka hunaswa kati ya kalipa na rimu. Afadhali rangi mbaya kuliko vifuniko hivyo.

Mwezi wa Julai, kiangazi kilipokuwa kimekaza na hewa imekauka, mimi na mpwa wangu tuliirudia kazi ile katika uwanja wa shule. Tulichagua uwanja huo kwa sababu ni tambarare, na katika mji huu tambarare haipatikani kila mahali. Nimeona magari yakiinuliwa kwa jeki kwenye barabara zenye mwinuko huku kijana amelala chini yake, na kila nionapo hilo siwezi kupita bila kusimama. Tulilegeza nati magurudumu yakiwa bado chini, tukayazuia ya nyuma kwa mawe makubwa, tukainua, tukaweka vihimili vya chuma chini ya fremu, kwa maana jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kwanza tukakagua, kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Mipira iliyoharibika ikatupwa na mipya ikawekwa, pamoja na ule wa ndani unaoizunguka pistoni. Pedi zikabadilishwa pande zote mbili, kwa sababu pedi hubadilishwa kwa jozi ya ekseli nzima hata upande mmoja ukiwa bado mzuri. Pini zikasafishwa, zikapakwa grisi ya silikoni, tukahakikisha kila moja inaingia na kutoka kwa nguvu ya vidole viwili. Kalipa ilipofunguliwa hatukuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, tuliitundika kwa waya kwenye springi.

Baada ya hapo ndipo rangi ilipoanza, nayo ilikuwa sehemu rahisi. Kutu ilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, tukaosha kwa sabuni, tukafuta kwa spiriti, tukafunika kwa tepu ya karatasi kila kisichotakiwa kupata rangi: diski, mipira yote, pini, skrubu ya kutolea hewa, bomba la mafuta, mahali pedi zinapokaa, na uso ambao rimu hukaa juu yake. Uso huo wa mwisho husahauliwa na wengi. Rangi ikiwapo kati ya rimu na kitovu cha gurudumu, hulainika kwa joto na kupungua unene, nati zikalegea zenyewe barabarani. Tulipuliza tabaka tatu nyembamba, tukiacha kila moja ikauke kabla ya inayofuata, na gari likalala uwanjani hadi kesho yake. Kabla ya kulisogeza, nilimwagiza mpwa wangu akanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwani pistoni zilizosukumwa nyuma huacha nafasi, na anayeondoka bila kuikanyaga hugundua kwenye kona ya kwanza kwamba hana breki. Nati tulizikaza kwa spana ya kupima nguvu, nyutoni mita 103 kama Toyota wanavyotaka kwa gari lile, tukazipima tena baada ya siku chache.

Najua nitakalojibiwa. Fundi atasema mteja hataki kulipia siku nzima, anataka rangi na anaitaka leo, na ukimkatalia anavuka barabara kwenda kwa jirani. Ni kweli, nami siwezi kuidharau njaa ya mtu. Lakini fundi huyo anaweza kumweleza mteja jambo ambalo mteja halijui, kwamba kwa gari lake kuukuu siku ya kupaka rangi kalipa huenda ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo gurudumu litatoka na breki itaonekana. Mtu asiyetoa hata dola moja kukaguliwa breki huja mwenyewe, kwa miguu yake, na pesa mkononi, kwa sababu anataka wekundu. Nafasi hiyo isipotezwe. Mtu wa kupaka rangi asiyejua breki amwite fundi wa breki aliye jirani yake, wagawane malipo. Garaji zetu zimepangana ukuta kwa ukuta, na sioni kwa nini kalipa zifunguliwe na mtu mmoja peke yake akijua nusu ya kazi.

Kwa wenye magari nina ombi moja tu. Msiwaachie mafundi gari mkaondoka na kurudi jioni. Simameni hapo, angalieni kopo la rangi limeandikwa nyuzi ngapi, ulizeni kalipa zinaoshwa kwa kitu gani, na mkiona chupa ya esansi inakaribia gurudumu, semeni hapana. Fundi mwema hatakasirika.

Na kwa wauzaji wa vipuri, ambao najua wengi wao ni wasomaji wa gazeti hili, naomba waache kupaka rangi kalipa kuukuu kabla ya kuziuza. Wauze kalipa kuukuu ikiwa kuukuu, kwa bei ya kuukuu, mpira wake ukionekana, skrubu yake ikionekana, na pale ilipovuja paonekane palivuja. Mnunuzi akishaitengeneza ataipaka rangi mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mwalimu wa fizikia,
Bagira, Bukavu.